Nusu Yako Iko Biharamulo

Baba Leokadia,

Nilipoteza nusu yako mwezi ule vita vilipoanza. Wewe mwenyewe sijui kama nimekupoteza. Hilo utalijibu wewe, si majirani. Barua hii nimempa dereva wa lori bila kuifunga. Sikukosa gundi, unga wa muhogo ninao. Nimeiacha wazi kwa sababu mambo yako huko Biharamulo yako wazi, na kila anayepanda lori hilo anayajua kuliko mimi.

Unakumbuka mwaka tuliohamishiwa hapa Mabawe, Ngara, tukaonyeshwa kiwanja kando ya barabara na kuambiwa hapa ndipo kijijini kwenu? Hatukuwa na kitu ila godoro la nyasi na redio yako. Wewe mwalimu mpya, mshahara kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na mikungu miwili ya ndizi niliyomkopa shangazi, nikaikamua pombe nikauza. Tukagombania chumvi. Ulisema tuchangie sawa kwa sawa, kwa kuwa sasa ni ujamaa na watu wote ni sawa. Nikakuuliza, "Jana kwenye mchango wa kijiji, mwenye ng'ombe wengi katoa nini?"

"Ng'ombe."

"Na mwenye kuku?"

"Kuku."

"Mwenye kuku akiambiwa alete ng'ombe, huo ni ujamaa au ni wizi, mwalimu?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mwisho wa mwezi nikaleta ungo na maharage. Kila harage lilikuwa shilingi kumi. Mekundu yalikuwa mapato yako, ya njano yangu. Yako yalikuwa kama mara tatu ya yangu, na sikuona haya. Kila mmoja akagawa chungu chake katikati: nusu ya nyumba, nusu yake mwenyewe. Nusu ya kubwa na nusu ya ndogo, kila mtu kaumia kwa kadiri yake. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, jembe, vyote vikatoka humo. Tulipomaliza kuhesabu tukayaosha maharage yote pamoja na kuyabandika jikoni.

Mama yako alitukuta siku moja tumeinamia ungo. Akasema, "Tangu lini mwanamke akahesabu mali ya mumewe?" Nilitaka kuondoka. Wewe hukuinua hata macho. "Mama, anahesabu na yake." Maneno manne tu. Nimeyala maneno hayo miaka mingi, Baba Leokadia, siku ambazo hapakuwa na kingine cha kula.

Na ile miezi mshahara ulipochelewa, upande wako wa ungo ulikuwa mtupu. Ukakuna kichwa, ukasema, "Nusu ya sifuri ni sifuri, mke wangu." Nikakusogezea sahani kwanza wewe. Sikuwahi kukudai ile miezi, wala leo sikudai. Hesabu yetu haikuwa na deni. Asiye na kitu hatoi kitu, aliye nacho anatoa nusu. Ndiyo ilikuwa ndoa yetu, mengine yote ya kanisani yalifuata.

Kisha wakakuhamishia Biharamulo. Mwanzoni ulituma nusu kamili kwa mkono wa dereva, nami nikaweka maharage yako kwenye ungo kana kwamba umekaa mbele yangu. Vita vikaja. Malori yakaenda mpakani na askari, sabuni ikawa ya kukatwa kwa uzi kama jibini ya mapadre, nasi tukatoa ndizi na maharage kwa ajili ya vijana wetu. Ukaandika, "Mama Leokadia, vita vimekula mshahara, vumilia." Nikavumilia. Ukatuma robo. Ukatuma kidogo kuliko robo. Ukatuma salamu.

Sasa askari wamerudi. Mwalimu wa hapa jirani, mshahara kama wako, kaezeka bati. Nikamuuliza, "Na wewe, vita vilikula kiasi gani?" Akaniangalia, akasema, "Shemeji, vilionja tu."

Ndipo nikapanda lori, na kibuyu cha pombe nilichokuandalia, ile tamu unayoipenda, kabla haijakaa sana.

Hukuwepo. Mlangoni kwako alikuwapo mwanamke na cherehani yake. Akasimama vizuri, akapiga goti kidogo. "Shikamoo dada. Wewe ndiye dada yake mwalimu wa kule Ngara?"

Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini?

Akaketi tena, akapakata ungo mapajani. Maharage mekundu upande huu, ya njano upande ule. Nikamuuliza, "Unachambua ya kupika?"

"Ya kuhesabu kwanza, dada. Mwalimu kanifundisha. Mekundu yake, ya njano yangu. Kila mtu anatoa nusu, hakuna kunung'unika!" Akacheka. "Nilimwambia, walahi wewe una akili. Akasema aliitunga mwenyewe."

Uliitunga mwenyewe!

Ungempa kanga ningeumia kama wanawake wote wanavyoumia, nikalia nikanyamaza. Ungempa kitanda chetu, ningesema mbao ni mbao. Lakini umempa kile nilichokitunga kwa njaa yangu, kwa mikungu yangu miwili, ukambembelezea nacho. Ana mwanya, ndiyo, nimeuona. Ana miguu mizuri. Nitakwambia kilichonichoma kuliko mwanya: maharage yake ya njano ni mengi kuliko yangu. Niliyahesabu nikiwa nimesimama, kwa jicho, na jicho langu halikosei. Cherehani inazaa kuliko migomba. Basi wewe hujaenda kwa mwenye shida, umekwenda kwa mwenye nacho, na bado unamtolea nusu.

Nikapiga hesabu njia nzima ya kurudi. Nusu kule na nusu hapa ni mshahara mzima, mtu asingebaki na hata ya tumbaku, angekonda. Wewe hukukonda. Suruali yako niliiona kwenye kamba, imefumuliwa kiunoni na kuongezwa kitambaa. Kashona vizuri, kusema kweli. Kibuyu sikukiacha. Niliuza pombe yako pale pale malori yanaposimama, ikanilipia nauli, na chenji ikabaki.

Sasa nisikilize. Leokadia kachaguliwa sekondari. Anaondoka Jumatatu ijayo, anahitaji sanduku, blanketi, shuka mbili, viatu na nauli. Ananiuliza baba atakuja lini kumsindikiza, nami namwambia angoje. Fedha za kulipia vyote ninazo, sikufichi. Migomba yangu haikunitupa. Lakini nikilipa peke yangu, nitakuwa nimelipa kama mjane, na mjane ana haki zake. Kiwanja hiki kiko kwa jina lako kijijini. Mwenyekiti kaniambia jina linabadilika siku moja tu, akiona mtu hana mume anayeitunza nyumba.

Sikuulizi unampenda nani. Moyo sijui kuupima. Nauliza hivi: bado wewe ni mtu wa nyumba hii, unayetoa nusu yako hapa, au siyo? Ndiyo au hapana. Usinitumie salamu, usinitumie sukari, usiniandikie habari za vita.

Lori linarudi Ijumaa na dereva hushusha mizigo saa nane mchana. Mpe yeye neno lako, na kama ni ndiyo, mpe na nusu. Nitakuwa nimesimama pale barabarani. Saa tisa nitakuwa kwa mwenyekiti, ama kumsalimu tu nipite, ama kukaa mpaka jina libadilike.

Mimi mkeo, mpaka Ijumaa saa nane,

Mama Leokadia