Neno la Siri la Kadi Namba 412

Morogoro, 4 Machi 2005

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na hilo goti limetulia. Sisi hatujambo, ila mimi na mimba hii ya miezi sita tunagombana. Miguu imevimba mpaka navaa ndala za mkweo Tobias, na presha imepanda. Daktari wa hapa anauliza kama mama yangu aliponizaa alipata kifafa cha mimba, maana huwa kinafuata damu. Nikasema sijui.

Nasikia Daktari Pankras wa hapo Mbinga ameingiza mafaili ya wagonjwa wake kwenye kompyuta, na mtu aliye mbali anaweza kuyasoma kwa intaneti. Nitumie namba ya kadi yako na neno la siri ulilompa karani. Nitasoma hapa mjini, nusu saa tu.

Mwanao,
Beata

Lundo, 17 Machi 2005

Mwanangu Beata,

Marahaba. Goti linauma lakini linatembea. Samaki wa usipa ni wengi ziwani mwaka huu, nimekuanikia wako.

Namba ya kadi ni 412. Neno la siri sitoi. Huyo daktari wako anatafuta nini tumboni mwangu? Na wewe habari za kompyuta umezipata kwa nani? Kama ni Edmund karani, niambie. Mtu mzima na mvi zake, alinikalisha akasema, "Mama, taja siri unayoijua wewe peke yako." Nikadhani ndio utaratibu mpya wa hospitali. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, kama ninavyomwambia padre kwenye kitubio. Akaandika! Hata kushtuka hakushtuka. Tangu siku hiyo kila anayeshuka na gari la Mbinga namtazama usoni, nione kama anajua.

Mimi kifafa sijapata maishani. Mwambie hivyo huyo daktari, aache umbea.

Mama yako

Morogoro, 30 Machi 2005

Mama,

Shikamoo. Hatujambo kidogo. Nimecheka mpaka Tobias akaja kuuliza kuna nini, halafu kicheko kikaniishia. Mama, neno la siri ni ufunguo tu! Ungesema "usipa" ingetosha. Ulimwambia nini yule mzee?

Nimekaa kwenye intaneti nikajaribu jina la marehemu baba, jina langu, la kanisa la kigango chetu. Mashine inakataa. Sasa nauliza waziwazi: kuna ugonjwa gani kwetu unaonificha? Namwona Tobias anavyoniangalia. Unaumwa, mama? Ni ule ugonjwa ambao watu hawautaji? Mimi si mtoto wa kufichwa.

Jibu lako nimempa daktari. Amesema kama mama hakupata kifafa basi ni afadhali, naweza kujifungulia zahanati hapa jirani, si lazima nikakae hospitali ya mkoa. Ila moyo wangu haujatulia. Nakujua unavyoandika ukiwa unaficha jambo.

Beata

Lundo, 14 Aprili 2005

Mwanangu,

Salamu utanisamehe. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, posta siiamini kwa jambo hili.

Juzi nilipanda Mbinga kumwambia Edmund afute. Akaniapia kwamba kwenye kioo vinatokea vinyota tu, na kwamba sikio nililomnong'oneza linasikia kwa shida, aliandika maneno machache tu aliyoyashika. Nikarudi nimefurahi kama mjinga. Nikaikuta barua yako, nikasoma hapo pa zahanati, nikaitafuta kalamu usiku huohuo.

Usizalie zahanati! Nakuomba, Beata. Nenda hospitali ya mkoa siku utakayosoma haya, ulale hukohuko.

Maneno aliyoyaandika ni haya: beata ni wa ottilia.

Mama yako mdogo Ottilia, uliyeambiwa alikufa kwa malaria, alikufa akikuzaa wewe. Kifafa kilimshika tukiwa kwenye mtumbwi, tunamkimbiza misheni. Ulitoka hai, yeye akakata roho. Aliyempa mimba alikuwa ameshakwenda migodini, hakurudi. Bibi yako alituapisha wote tusiseme. Mimi sijawahi kubeba mimba, mwanangu. Nilikuwa naogopa daktari wako atafungua faili langu akuambie wewe si wangu, nikajibu swali lake kwa ujanja. Ujanja huo ungekuua. Nitukane ukitaka, lakini kwanza nenda.

Hedwiga

Morogoro, Hospitali ya Mkoa, 11 Mei 2005

Mama,

Shikamoo. Tobias ndiye anayeandika, mimi nasema nikiwa kitandani.

Barua ilifika, nikalia siku nzima, nikaja hapa kwa hasira zaidi kuliko kwa hofu. Tarehe tatu kifafa kikanishika, wauguzi wakiwa hatua tano kutoka kitandani. Wamenipasua. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, lakini ananyonya kwa fujo. Daktari anasema kule zahanati tungekufa wote wawili.

Hasira bado ninayo. Miaka ishirini na minane, mama! Nilipita mbele ya kaburi la Ottilia kila Jumapili na hata ua sikumwekea. Nitakapokuja tutazungumza, na hutanikimbia kwa kisingizio cha goti.

Jana Tobias alikwenda intaneti na yale maneno, mashine ikafunguka. Aliniletea karatasi. Imeandikwa: "Hedwiga, wa Lundo. Mimba: hakuna. Watoto: mmoja, wa kike." Pembeni ya huyo mmoja kuna mtu ameweka alama ya kuuliza. Ukipanda tena Mbinga, mwambie Edmund aifute hiyo alama.

Mwanao,
Beata