Habari za Gervasi Usizipeleke kwa Simu

Ettelbruck, Luxemburg
Juni 2015

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti bado yanakusumbua? Na maharage mmeshapura, au mnawasubiri wajomba kama kila mwaka? Redioni nasikia Warundi wanavuka tena na kambi ya Nyarugusu imefurika. Kama wapo waliopita hapo nyumbani kuomba maji, nakujua, umewapa mpaka sufuria.

Mimi ni mzima. Natanguliza hilo usije ukashika kifua. Lakini barua hii ni ya msiba, kaa chini kwanza. Gervasi amefariki. Yule kijana wa Kitanga, mtoto wa Mama Velonika, niliyekuambia nilimkuta stendi ya mabasi huku anajisemea Kiha peke yake. Tumemzika Jumanne, watu sita na padri.

Mama yake hajui. Simu ya Gervasi ninayo mimi, na yule mama anabipu kama alivyozoea ili mwanawe ampigie. Naitazama inalia, inakata. Kupokea siwezi, kuizima siwezi.

Wewe nawe sikukupigia, maana simu yako unaiweka sauti kubwa mpaka jirani anaitikia. Sista mmoja wa kwetu aliye huku anakuja likizo Kasulu, nimemwomba akupe barua hii mkononi. Kuna Mtanzania mmoja huku, hana akili hata kidogo, aliweka picha ya marehemu WhatsApp na mishumaa juu. Nilimgombeza mpaka akafuta, lakini ya simu yakishatoka yametoka. Sitaki Mama Velonika asomewe kifo cha mwanawe na vijana wa bodaboda.

Kwa hiyo nenda kesho asubuhi, Mama. Mpitie dada yake wa Rungwe Mpya, mchukue na katekista. Usijifunge kanga ya msibani, ataijua ukiwa bado njiani. Salimianeni, akuletee kigoda, majirani waingie kwanza. Ndipo katekista aseme.

Atataka kujua ilikuwaje. Unajua kijana alikuwa na wazimu wa treni. Eti ulimpata siku baba yake alipomchukua Kigoma kuuza maharage, akaiona pale stesheni, akagoma kurudi nyumbani. Huku aliosha vyombo hotelini, na siku ya mapumziko wenzake wanalala, yeye huyo kituoni. "Editha, nchi yenyewe hii ni kama wilaya. Tunaimaliza yote!" Nikamfuata, maana Kiha ningeongea na nani mwingine? Tukapanda kila njia ya reli, na mabasi pia. Kila tukimaliza njia moja anampigia mama yake kumhadithia.

Siku moja bibi mmoja alikuwa anakimbilia basi, dereva anataka kuondoka. Gervasi akatia mguu mlangoni. Dereva akafoka kwa lugha yao, naye akamjibu kwa Kiswahili, "Tulia wewe suka, bibi anakuja!" Bibi akapanda, asante hakusema. Huku watu hawasemi, Mama. Unakaa na mtu bega kwa bega, hata salamu ya mwidiwe hakuna. Nimechoka nako.

Ikabaki njia moja tu, ya Wiltz. Wakati huo miguu yake imeshavimba, daktari kasema ni moyo, apumzike. Nilimkatalia. Akanuna, akasema basi atakwenda peke yake. Ningemwachaje?

Kautenbach, pale tunapobadili treni, alitembea kwa kuniegemea. Tukakaa dirishani, akafumba macho. "Kichwa kinazunguka. Wewe nitajie unachokiona." Nikamtajia mto, daraja, ng'ombe wanono.

"Wangapi?"

"Ng'ombe wa watu unawahesabia nini wewe?"

Akacheka kidogo. Nikaendelea: msitu, mzee na mbwa wake, nyumba ya mawe. Hakuitikia tena, nikajua usingizi umemchukua. Mkagua tiketi alipokuja niliweka kidole mdomoni, nikamwonyesha tiketi zetu zote mbili, akapita kwa kunyata. Nami nikaendelea kutaja kwa sauti ya chini, kwa kuwa ndivyo alivyoniomba.

Wiltz watu wakaanza kushuka. Nikamwambia, "Haya bwana, nchi yako tumeimaliza." Nikamgusa shavu.

Yewe Mama! Nilipiga yowe, lile letu la kuita majirani. Wakageuka, wakasimama mbali wananitazama. Ni mkagua tiketi tu aliyerudi, akakaa sakafuni pamoja nami mpaka gari la wagonjwa likaja. Nina hasira na daktari, na Gervasi mwenyewe, na mimi niliyemnyamazishia watu asisumbuliwe. Usiku nataja mito na madaraja usingizini, mwenzangu wa chumbani ananiamsha.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi mkunga, na wifi muuza dagaa mwambie kitenge chake sijakisahau. Wadogo zangu waambie wasome, wasinililie treni.

Nguo za Gervasi nimezifua, Sista anazo, mpe mama yake. Kaburi lina msalaba na jina lake limeandikwa sawasawa, nilisimamia mwenyewe.

Na kuna neno moja najua atakuuliza, maana ndiyo simu aliyokuwa akiisubiri: je, mwanangu alifika Wiltz? Daktari hakuweza kusema roho ilimtoka wapi. Mimi niliyekaa naye bega kwa bega sijui. Wewe, Mama, mwambie alifika.

Mwanao,
Editha