Ndoana ya Kumi na Mbili

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, isipokuwa miguu ya Baba, ambayo siku hizi inajiamulia mambo yake yenyewe. Na macho yako, bado unayachosha kwa kurekebisha mizani za watu?

Kila asubuhi Baba hufungua kopo lake la ndoana, akazipanga juu ya meza ya cherehani yangu, akagusa ncha moja moja kwa kidole gumba na kusema, “Si hii.” Akimaliza, huniuliza nimeificha wapi ile anayoitafuta. Daktari anasema kumbukumbu yake inakwenda. Bado ana saa mbili tatu za akili timamu kwa siku, nami ningependa aipate kabla nazo hazijaisha.

Nilikwenda dukani. Muuzaji akaniuliza, za kambare, za chambo hai au za chambo kilichokufa? Nikamkodolea macho kama niliyeulizwa habari za mwezini. Wewe ndiye uliyekuwa ukitega naye bwawani. Anatafuta ipi?

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Mimi sijambo, macho yanalalamika, lakini yanafanya kazi.

Kwa mshipi unaoachwa majini peke yake, ukining’inia kwenye boya, ndoana huchaguliwa kwanza kwa ajili ya chambo. Chambo chetu ni perege mchanga aliye hai, naye hutungwa mgongoni, juu ya uti. Waya wa ndoana ukiwa mnene, atakufa kabla ya adhuhuri, na asipotapatapa hatamwita kambare. Ukiwa mwembamba mno, kambare mkubwa atauvunja. Uwazi wa ndoana uzidi unene wa mgongo wa perege, ncha isizikwe nyamani. Nimekuchorea ukubwa wake nyuma ya karatasi hii, mpelekee muuzaji.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Hujambo? Sisi tunaendelea.

Nilinunua kama ulivyochora. Baba akazigusa, akasema, “Zimenyooka. Kama zile kumi na moja.” Nikamuuliza nani alizinyoosha. Akacheka, akasema, “Bwana Sawasawa.”

Hilo ni jina lako la utani, na sijalisikia tangu ulipoondoka, miaka kumi na tisa sasa. Barua yako imejaa waya na uwazi, lakini Baba hukumuulizia hata mara moja. Mlikosana nini ninyi wawili?

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Baba anaendeleaje? Anakula? Bado anakoroga chai kwa mpini wa kijiko?

Ndoana zake zilikuwa kumi na mbili, na ncha za zote zilikuwa zimepinda kuelekea ndani. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya mizani, na jicho langu halikuvumilia chombo kilichopinda. Nikadhani zimechakaa. Alipokuwa amelala mchana, nikazinyoosha kwa koleo lake, moja baada ya nyingine, nikimwandalia zawadi. Kesho yake tulitega maboya kumi na mawili. Kumi na moja yalizama, yakaibuka matupu. La kumi na mbili lilituletea kambare wa urefu wa mkono wangu. Ndoana ile ilikuwa mfukoni mwa koti lake nilipokuwa nikizinyoosha zile nyingine, sikuiona.

Mshipi ulioachwa peke yake hauna mkono wa kuuvuta. Ncha iliyopinda ndani huteleza mpaka pembeni mwa mdomo, na kambare hujinasa mwenyewe anapogeuka kwenda zake. Iliyonyooka humchoma, naye huitema. Baba alizikunja kwa miaka mingi, akijaribu kidogo kidogo, na mimi nikaziharibu katika alasiri moja.

Hakunigombeza. Alisema tu, “Ungeuliza.” Nikamjibu kwamba kazi ya kubahatisha kama yake haina la kuuliza. Wiki ile nikaondoka na ile ya kumi na mbili, pamoja na koleo lake. Mwaka uliofuata niliipima, nikaelewa. Tangu hapo nimekuwa nikiandika barua ya kumwambia, na hii ndiyo ya kwanza kutiwa kwenye bahasha.

Ndoana ni hii hapa, nimeichomeka kwenye kizibo isikuchome. Itie koponi. Usimwambie imetoka wapi.

Kaka yako

11 Juni

Kaka,

Natumaini u mzima. Niliitia koponi kama ulivyotaka. Asubuhi Baba aligusa saba, ya nane akaishikilia. Hakusema, “Si hii.” Aliipitishia kidole gumba mara mbili, kisha akaniambia nilete karatasi, na niandike maneno yake bila kuyarembesha. Ndiyo haya:

“Mwanangu, hujambo. Mimi sijambo, leo. Nimeiona. Umeitunza vizuri, haina kutu. Hizi kumi na moja bado zimenyooka, na vidole vyangu havina nguvu tena ya kuzikunja. Nitakuonyesha kiasi cha kukunja, ukiniuliza. Usitume koleo kwa posta. Baba yako.”