Mdomo wa Mrija

Kaka,

Huku hatujambo. Paa limezibwa, paka kazaa. Hongera kwa tuzo ya kifaa chako cha kupimia sukari.

Hospitalini, Mama alikataa kipimo kingine. "Nataka cha mwanangu!" Muuguzi akaukandamiza kidoleni mrija wa kifaa unaonyonya damu. Ule mdomo uliokatwa bapa ukazibwa na ngozi, damu ikapanda kiduchu, kifaa kikasema sukari iko sawa. Tukarudi naye nyumbani, akazidiwa.

Ulijua. Ulituambia mezani, huku unacheka, kwamba mdomo uliokatwa mshazari hauzibi, ila ungechelewesha uzinduzi.

Tumemzika Jumanne. Usijisumbue kuja.

Kabla hajakata roho nilimweleza yote. Alilia, akaniomba nisikwambie kamwe kwamba ni kifaa chako kilichomponza.

Ndiyo maana nakuandikia.

Mdogo wako wa tumbo moja