Gaju na Wenyewe Wake Ishirini

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo nimetupa javeli ya kung'arishia nguo nyeupe. Chupa tatu. Pia ile dawa ya kulainisha nguo, na vidude vya manukato tulivyochomeka kila ukuta mpaka nyumba ikawa inanuka kama teksi. Ngozi ya Isaro, mtoto wangu mdogo, imenishinda — anajikuna mpaka shuka zina damu. Daktari alisema nibadilishe sabuni na niache vitu vyenye harufu kali. Mawili tu. Mimi nikafika nyumbani nikaanza kusoma kwenye simu, na sasa hatuna hata rangi ya kucha.

Umwali, mkubwa wake, ana miaka kumi na minne. Ameililia rangi yake kama amefiwa. Amenijibu kwa Kiingereza cha mbio akidhani nitapitwa. Sikupitwa.

Mume wangu Rugaba amerudi kutoka kazini warehouse akakuta sheria zangu zimebandikwa kwenye friji. Sabuni ya kipande. Siki badala ya javeli. Hakuna magi, vile vipande vya kuungia mchuzi. Alikuwa anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama kawaida yake, na kidole kikasimama hapo.

"Mama Umwali, hata magi?"

Hata magi, Papa Umwali.

"Donc tunarudia ukimbizi."

Nyuma ya nyumba hapa Whitehall, Ohio, kuna kipande cha majani. Mwenye nyumba amesema nifanye nacho ninavyotaka. Mboga ya lengalenga, maharage, vitunguu. Mama yangu alilima bonde la Ruzizi na mtoto mgongoni. Mimi nina koleo jipya na glavu, nitashindwa na nini?

Jumanne, 18 Machi

Daftari hili nalificha ndani ya boksi la pedi. Hapo Rugaba hatii mkono hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo naweza kuandika ukweli: nimeshindwa. Siku kumi tu!

Maharage bila magi yalikuwa yananitazama kutoka kwenye sufuria. Nikatoa kipande kimoja, kimoja tu, nikakivunja humo. Vilivyobaki viko kwenye kopo la magadi, nyuma ya siki.

Rugaba alikula sahani mbili. "Unaona? Chakula bila sumu iko na ladha yake ya kweli." Akampigia simu mdogo wake Cyubahiro, kule Louisville, akamhubiria nusu saa juu ya afya. Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa pembeni, mke mwema.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwenzangu kazini, kule tunakotunza wazee, ndiye aliyenitia katika hili. Anakunywa maziwa yanayotoka kwa ng'ombe moja kwa moja, hayajapita kiwandani. Ohio hairuhusu mkulima akuuzie hivyo. Basi watu wananunua sehemu ya ng'ombe, halafu kila mmoja anakunywa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe.

Nilimweleza Rugaba akiwa kwenye mpira. Nilipofika kwenye "sehemu ya ng'ombe" akazima televisheni. Miaka kumi na sita ya ndoa, hajawahi kunizimia televisheni.

Mimi ni mtu wa Uvira. Kwetu ni ziwa na samaki wadogo wa ndagala, na ndagala hapewi jina. Rugaba alikulia milimani juu, katikati ya ng'ombe wa baba yake, na vita viliwamaliza wote kabla sijamjua. Huwa hawataji. Mara moja tu, akiwa na homa, aliwaita majina mmoja mmoja, na mimi nikadhani ni shangazi zake.

Basi leo tumekwenda, saa moja na nusu kwa gari. Mwenye shamba ni mzungu wa ndevu ndefu na kofia ya majani, anatembea kwa gari la farasi, simu hana, dini yao haitaki. Jina lake Eliezer, kama nusu ya wanaume wa kanisani kwetu! Rugaba akapita mbele ya ng'ombe kumi na wawili. Kwa wa kumi na tatu akasimama. Rangi ya udongo mwekundu, macho makubwa, kwenye sikio namba 14. Akamwita Gaju. Akamsemesha kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kusemeshwa. Niliona wivu, naandika hivyo hivyo ilivyo.

Umwali alitusomea karatasi. Tunamiliki sehemu moja katika ishirini. Rugaba akatia sahihi. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema "ngombe yangu".

Jumapili, 27 Aprili

Jana Rugaba alileta mbolea ya Gaju kwa ajili ya bustani yangu. Mapipa mawili, ndani ya gari letu, Sienna. Moja lilipinduka njiani.

Leo tumekwenda kanisani na Sienna hiyo hiyo. Madirisha wazi, baridi yote hii. Hakuna aliyeegesha karibu nasi. Rugaba alishuka kifua mbele, anasalimia watu, anawaeleza harufu ni ya nini. Wazee wawili walikuja kunusa. Wakabaki wamesimama hapo kwenye gari mpaka ibada ikaanza.

Maziwa ninayachemsha akiwa kazini. Yeye anasema kuchemsha ni kuyaua. Mimi nasema kimoyomoyo kwamba nina watoto wawili.

Jumamosi, 10 Mei

Ngozi ya Isaro imepona mikononi. Inang'aa! Ni kuiacha ile dawa ya nguo, nina hakika kabisa. Rugaba anasema ni Gaju. Nimemwachia.

Leo shambani tumemkuta mwanamke mzungu, amevaa ile suruali ya mazoezi, amembusu Gaju kwenye paji la uso na anamwita Princess. Rugaba alisimama kama mtu aliyefumania. "Ule mwanamuke anafanya nini na ngombe yangu?" Umwali akamkumbusha kuna wenyewe kumi na tisa wengine. Akasema anajua, lakini wengine wasije siku ya Jumamosi.

Lengalenga zimeota. Nimecheka peke yangu bustanini.

Jumapili, 25 Mei — Buffalo

Naandikia chooni, nyumbani kwa wenyeji wetu. Rugaba amenivua nguo mbele za watu.

Jana ilikuwa siku ya kumposea Cyubahiro. Yeye na Elisabeth wamengojana miaka miwili, Louisville na Buffalo, kijana anaendesha usiku na mchana kuja kumwona kwa saa nne. Baba wa binti ni Mzee Gatsinzi. Alifanya kazi kiwandani hapa mpaka mgongo ukakataa. Mchumba wa kwanza wa Elisabeth, mzee alimfukuza kwa sababu kijana alidanganya juu ya cheo chake kazini. Hata cheo chenyewe hakikuwa kikubwa!

Siku hizi Amerika ng'ombe wa mahari anakuja ndani ya bahasha. Mtu anasimama, anamsifia pembe zake na mwendo wake, halafu anatoa bahasha. Tulikuwa nayo. Mzee Gatsinzi akaiangalia, hakuigusa.

"Mabinti yangu batatu balienda kwa ngombe ya karatasi," alisema. "Sikatae. Lakini nimechoka. Sijaona ngombe yenye miguu tangu tukimbie."

Alisema polepole tu. Hakuwa anadai kitu. Ungeweza kuacha maneno yale yapite, na siku ingeisha vizuri.

Rugaba akasimama.

"Papa, mimi niko na ngombe. Ohio. Anaitwa Gaju. Huyo njo atakuwa wa Elisabeth."

Ukumbi ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakanyoosha mikono juu kama pembe. Mzee Gatsinzi alifunika uso kwa kofia yake. Alikuwa analia. Nikatafuta macho ya Rugaba, na yeye pia alikuwa analia — ameyaamini maneno yake mwenyewe!

Nikamuuliza nje, sehemu moja ya ishirini ni ipi, mkia? Akasema, "Bon, tutatengeneza." Siyo gari hilo, Papa Umwali.

Jumatano, 4 Juni

Mzee Gatsinzi amepiga simu. Anakuja kumwona Gaju, Jumamosi ya wiki ijayo, na mtoto wake wa kiume atamwendesha kutoka Buffalo. Harusi ni Agosti.

Rugaba amemwandikia Eliezer barua kuomba kumnunua Gaju mzima. Nilimsaidia maneno, Umwali akaandika. Cyubahiro ananipigia mimi, si kaka yake. Ananiita shemeji kwa sauti ndogo. Ananiuliza kama ni kweli ng'ombe yupo. Nimesema yupo, ana macho mazuri sana.

Nilipomaliza simu nilikasirika, nikang'oa magugu mpaka nikang'oa na vitunguu. Kijana atakosa mke kwa sababu ya kinywa cha kaka yake. Nani aliyeanza habari ya maziwa safi? Mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Jibu la Eliezer limefika. Mwandiko mzuri. Amesema hapana kwa heshima: Gaju si wake kumuuza, ni wa watu ishirini.

Nimemwambia Rugaba apige simu aseme ukweli kesho asubuhi, kabla ya gari la mzee kuondoka Buffalo. Amesema mzee akishamwona ng'ombe mwenyewe moyo utalainika, hatauliza. Nimepika maharage. Magi mawili.

Jumamosi, 14 Juni — ndani ya gari, shambani

Boksi la pedi nimekuja nalo kwenye mkoba. Sikuweza kukaa bila kuandika.

Tulifika saa nne. Mzee Gatsinzi amevaa koti la suti na kofia, fimbo mkononi. Alipowaona ng'ombe kutoka barabarani aliomba gari lisimame. Akashuka, akatembea mwenyewe mpaka kwenye uzio, na mgongo ule. Hatukumfuata. Aliegemeza fimbo, akashika uzio kwa mikono miwili. Kisha akaanza kuwasemesha, na Gaju — naapa — ndiye aliyekuja.

Rugaba akanibana mkono. "Unaona?"

Halafu yule wa Princess akatokea na chupa zake. Akambusu Gaju kwenye paji, akajaza maziwa, akaenda zake. Akaja mzee mwingine mzungu akamwita jina lingine. Eliezer akamwita kwa namba. Rugaba alikuwa anaongea mfululizo, juu ya majani, juu ya mvua, juu ya kila kitu.

Mzee Gatsinzi hakuuliza. Alikuja kwangu, taratibu, mimi nikiwa natoa chakula kwenye gari. Mimi ananiongelesha Kiswahili, kwa vile Kinyamulenge changu ni cha salamu tu.

"Muke wa Rugaba, ile ngombe iko na majina ine. Ngombe ya mutu moja haina majina ine."

Nilishika sufuria.

"Sikasirike juu ya ngombe," akasema. "Nimemuona, inatosha. Nimemushika shingo. Lakini binti yangu siwezi kumuweka mu nyumba ya uongo. Tukikaa kula nitamuuliza bwana yako mara moja: huyu ni wa nani? Akisema kweli, Elisabeth ni wenu, na ile enveloppe yenu nitaikamata. Akinidanganya, tunarudia Buffalo leo leo."

Akanyoosha kidole, bila ukali. "Wewe usimwambie. Usifungue kinywa."

Nikasema ndiyo, Papa. Ningesema nini kingine? Akarudi kwa Gaju.

Sasa Isaro na Umwali wanatandika shuka kwenye majani. Mikono ya Isaro haina hata alama. Maharage yako tayari, sahani zimepangwa. Rugaba anakuja huku kwenye gari, anatabasamu, amenionyesha dole gumba kutoka mbali. Anadhani ameshinda. Namjua, akiulizwa huku watu wanamwangalia atasema "wangu" kabla swali halijaisha. Na nampenda, mjinga huyu. Namwona alivyomshika ng'ombe yule na najua hakuwa anadanganya pale Buffalo, si kwa nia.

Sitafungua kinywa. Nimemwahidi mzee.

Daftari ni kitu kingine.

Lakini kwenye daftari hili kuna magi. Kuna kopo la magadi. Kuna maziwa yaliyochemshwa tangu Aprili, na wivu wangu, na "mjinga huyu" hapo juu. Miezi mitatu ya chakula chenye ladha ya kweli! Nikimpa, ataniuliza nani mwongo katika nyumba hii.

Amefika. Anagonga kioo, anasema chakula, mzee anangoja. Nimeteremsha kioo. Ananiuliza ninaandika nini.

Nimekunja pembe ya ukurasa huu ili nikimpa aanzie hapa. Ila namjua Rugaba, ataanza mwanzo, kwa kidole.