Kompyuta ya Mlangoni

Nateete, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na mimi nina donge rohoni.

Nina wivu. Nauandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Ninayemwonea wivu ni Neema, mdogo wangu. Tulipofika Kampala kutoka Bukavu, mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipanya cha kompyuta. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwenye hii kafe ya intaneti ya Hajati Zainabu. Siku hizi wateja wakiingia wanauliza, “Neema yuko wapi?” Nami nimekaa pale pale mezani.

Wiki hii kompyuta zetu zimekuwa zikiganda zote kwa mpigo. Jana mama mmoja ndiyo kwanza alikuwa amempata hewani mwanawe aliye Kanada, wakakatwa katikati ya salamu. Aliondoka analia. Mimi nikalaumu umeme, nikalaumu nyaya. Neema akaenda kusoma, akarudi na jibu: mfumo wa zamani ulio kwenye mashine zetu una tundu. Mtu akikaa kwenye kompyuta moja, akazitumia nyingine ujumbe uliokatwa vipande visivyolingana, zinashindwa kuviunga, zinaganda mpaka uzizime. Haibi kitu. Anawanyima wenzake huduma tu. Kiraka, yaani programu ndogo ya kuziba tundu hilo, kipo, na Neema akaanza kuziwekea mashine zote.

Leo asubuhi Hajati alimwonyesha Neema, akasema mbele yangu, “Kazi ikiwa safi, huyu ndiye atakayeshika tawi la Mengo. Kesho nakuja kuangalia.”

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Leo mchana Neema alipokwenda kununua chakula, aliniachia jaribio: nizitumie kompyuta zote ule ujumbe mbovu. Zilistahimili, isipokuwa ya mlangoni. Ikaganda kabisa. Alikuwa ameisahau.

Nikaiwasha upya, nikanyamaza.

Akarudi na rolex mbili, chapati za mayai, yangu bila vitunguu kama ninavyopenda.

“Yaya, zimepona zote?” Kwetu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

Nikawa natafuna. Akilini nilimwona Hajati wa kesho, amesimama mbele ya skrini iliyoganda, na Neema anabonyeza vitufe bure. Nikasikia raha. Raha ya kumwona mdogo wangu akiaibika.

Mara yule mama wa jana akaingia, akaketi kwenye ile ile ya mlangoni.

“Mama, njoo ukae hapa,” nikamwambia. Kisha, bila kumtazama Neema: “Hiyo bado. Hukuiwekea kiraka.”

Neema aliinama pale mlangoni mpaka ikapona. Mama aliongea na mwanawe, akacheka, wakaagana vizuri.

Halafu Neema akampigia Hajati simu, nikisikia. “Yaya ndiye aliyeona kosa langu. Bila yeye ningeumbuka.”

Hajati alimwambia anishukuru. Mengo bado ni ya Neema.

Neema angenyamaza asinitaje, ningepata sababu ya kumchukia. Sasa huu wivu niupeleke wapi?