Aliyenilinda Mgongo

Ijumaa, 3 Januari 2003
Mazoezi baada ya Alasiri, kiwanja cha kokoto kando ya magereji ya mtaa wa Ghala. Mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai. Bwana Harith alirudi nao kutoka masomoni, na sasa hatupumui. Kanifanya mrushaji. Sijui kitu. Kazi yangu kusimama nyuma ya ukuta wa watu watano, kupiga ukelele wa kuanza, kupokea mpira, kumtafuta wa kumrushia. Wale watano wakiwazuia wapinzani, naonekana fundi. Wakichelewa kidogo tu, macho yanashuka miguuni na mpira naupeleka kwa maadui. Leo walizuia. Sifa nikazipokea zote mimi.

Mwisho wa ukuta, kushoto, upande nisiouona nikirusha, anasimama Suleiman. Mpana kama mlango wa bohari.

Jumatatu, 6 Januari
Mama na shangazi wamekwenda mtaa wa Al Amerat kuniposea. Zuwena. Baba yake kafariki, kwa hiyo mwenye kumwozesha ni kaka yake mkubwa. Kaka mwenyewe ndiye Suleiman. Wameambiwa wasubiri jawabu.

Ijumaa, 10 Januari
Aibu tupu.

Tumecheza na vijana wa Seeb. Nimeshindwa kumpigia kelele Suleiman. Mtu uliyepeleka posa kwake, mkubwa kwako, utamfokeaje kwa nyuma kama unaswaga mbuzi? Nikashusha sauti. Ukelele nikautoa kama naomba chumvi mezani. Walio karibu walisikia. Yeye yuko pembeni kabisa, upande wa magereji, na kule mabati yanagongwa. Mpira umeshafika mikononi mwangu, yeye bado kainama. Nimeangushwa, nikaangushwa tena, kila mara kutoka kushoto. Niliporusha, niliwarushia wao.

Bwana Harith akamkabili Suleiman mbele ya watu. Akamwambia amelala, anamuua kijana wa watu. Suleiman akanitazama. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.

Halafu akaja mwenyewe kunitaka radhi. Nikamsamehe. Mimi, nikamsamehe yeye! Wazee husema mwenye haya hazai. Haya zangu mimi zimemtia mwenzangu lawamani.

Ijumaa, 17 Januari
Suleiman katolewa. Mahali pake kawekwa Wafula, Mkenya, fundi wa hapo magereji. Huyu sina posa kwake. Nikapiga kelele mpaka koo likauma, na ukuta ukasimama. Kumbe ndivyo ilivyo. Nilipata nafasi ya kutazama, kuchagua, kurusha bila haraka. Mkono ni ule ule wa wiki iliyopita. Tumeshinda. Wakanibeba juu.

Mmoja akasema, si mnaona, ugonjwa ulikuwa Suleiman. Suleiman yupo, anagawa maji. Akanipa chupa. Nikanywa. Najichukia.

Jumapili, 19 Januari
Baada ya kazi nimekwenda Al Amerat peke yangu. Nilizunguka mtaa wao kwa gari kabla ya kubisha hodi. Nikamwambia Suleiman yote: sauti niliishusha mwenyewe, kwa kumwonea haya. Akanimiminia kahawa.

"N'najua," akasema. "Haya si kosa. Lakini Harith aliponisema, ulikuwa unajua na wewe. Ukanyamaza." Akangoja nimalize tende. "Sasa n'kikupa dada yangu, siku watu wakimsema yeye mbele yako, utafunga viatu?"

Nikasema kahawa nzuri. Mjinga mimi. Nikatikisa kikombe kuonyesha imetosha, nikaaga.

Jumatano, 22 Januari
Mama kaitwa Al Amerat, karudi. Kaambiwa kwa adabu zote: hapana nasibu, posa haikukubaliwa. Anadhani ni mambo ya kabila, au mshahara wangu. Jikoni alikuwa anamtaja Suleiman vibaya, na shangazi anaitikia. Nilisimama mlangoni. Nilitamani kupita tu, niende chumbani.

Nikawaambia sababu ni mimi, na sababu yenyewe nikaisema. Mama akazima jiko, akakaa. Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Ijumaa, 24 Januari
Kabla ya mchezo nikasimama mbele ya wote, nikasema kosa la wiki ile lilikuwa langu, si la Suleiman. Uso ulikuwa unawaka. Bwana Harith akakuna ndevu. Wafula akasogea mwenyewe. Suleiman akavaa glovu zake, akaenda kusimama mahali pake kushoto.

Nikamfokea kama anavyotakiwa kufokewa mtu wa mahali pale. Hakugeuka hata mara moja.

Alasiri nzima hakuna aliyenigusa. Nimerudi nyumbani Mabela na nguo safi.